Kidimbwi Kilicholiliwa

Juzi mwalimu wa baiolojia aliingia darasani na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akaitua mezani kwa uangalifu kama mama ntilie anayeleta maharage. Alipofunua, harufu ikatoka. Tope, majani yaliyolala majini muda mrefu, na ubaridi fulani ambao hauna jina ila pua inaujua. Wasichana wa mbele wakavuta viti nyuma. Machalii wa nyuma, wale ambao hawamwogopi hata mkuu wa shule, wakapanda juu ya madawati. Ndani ya ndoo walikuwemo vyura, wamepandana, wanatuangalia kwa macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Mwalimu akasema leo tutamfahamu chura kwa ndani. Nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Mwalimu, mimi namfahamu kwa nje, inatosha." Darasa likacheka, nami nikapewa kusugua sakafu ya maabara. Sikujali sana, adhabu hiyo nimeizoea. Ila wakati nasugua ile harufu ilikuwa bado imening'inia hewani, na ghafla nikajikuta nimechuchumaa na brashi mkononi, sisugui kitu. Nipo Moshono nyuma ya jiko letu, nipo darasa la pili, magoti yana tope, na wanawake wa jumuiya wanamlilia bibi yangu ambaye hajafa.

Nianze na Bibi mwenyewe. Ni mama mzazi wa baba yangu, na mimi nina jina lake, kwa sababu kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Ndiyo maana Baba hajawahi kuniita kwa jina. Tangu nizaliwe ananiita Mama. "Mama, niletee maji ya kunywa." "Mama, umefanya kazi za shule?" Nilikua nikiamini kile ni cheo, na nilikitumia. Baba hakuweza kunichapa, maana mtu unaanzaje kumchapa mama yako? Kazi hiyo aliachiwa mama yangu, ambaye hakuwa na undugu wowote na jina langu, na aliifanya kwa moyo wake wote.

Bibi alikuwa anaishi peke yake kule juu, upande wa Tengeru, kwenye kihamba, yaani ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa ambako Babu amezikwa. Siku moja alikuwa anavuka mfereji wa maji na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akateleza, akavunjika mkono. Baba akaenda kumchukua na kirikuu chake, ile pikapu ndogo anayobebea nyanya na kabichi kupeleka sokoni. Bibi alifika kwetu akiwa amekaa mbele, mkono umefungwa hogo, lile bandeji gumu jeupe kama chokaa, na kuku wake wapo nyuma wamefungwa miguu, wana hasira kuliko yeye. Akapewa nusu ya chumba changu. Wao walisema Bibi amepewa chumba. Mimi niliona nimepewa Bibi.

Kukaa na Bibi kulikuwa raha ambayo hadi leo sijaipata kwa mtu mwingine. Alikuwa ananuka kahawa na mafuta ya mgando. Alikuwa mtu wa kwanza kucheka utani wangu bila kuniuliza kwanza kama nimeosha vyombo. Mama akija na mwiko ananitafuta, Bibi anainua blanketi kidogo tu, mimi napotelea chini, na yeye anabaki anaangalia dirisha kama mtu anayesubiri mgeni. "Sijamwona," anasema, huku kisigino changu kiko kwenye mbavu zake.

Ila usiku alikuwa halali. Nikiamka kwenda chooni namkuta ameketi. Na kila siku alirudia kwamba mkono ukipona anarudi kwake.

"Utarudi kukaa na nani, Mama?" Baba alimuuliza.

"Na mume wangu."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kiwango cha juu, kwa kuwa Babu alikufa kabla sijaanza chekechea. Hakuna mwingine aliyecheka. Siku nyingine tunakula loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, Baba akasema na mdomo umejaa, "Mama, hapa ndipo nyumbani sasa. Kule juu pamebaki shamba tu, tutapata hata mtu wa kumpangisha." Bibi akaweka kijiko chini. Mimi nilikiona kile kijiko kikiwekwa chini, na nikaelewa kwamba ameshiba. Nikavuta bakuli lake, nikamaliza.

Asubuhi moja, anapuliza chai yake, nikamuuliza kwa nini halali. Alinitazama kidogo, kama anapima aniambie lipi.

"Kimya kimezidi," akasema. "Kule kwangu vyura wa mfereji wanaimba mpaka kunakucha. Hapa nasikiliza mbwa wa watu tu."

Mtoto wa darasa la pili ukimpa sababu iliyonyooka, hachimbui kutafuta nyingine chini yake. Kwangu hesabu ilikuwa imekamilika. Bibi halali kwa sababu hakuna vyura. Asipolala, ataondoka, ataenda kuteleza tena kule mferejini na safari hii huenda asiokotwe. Tukipata vyura, anabaki. Nilishangaa watu wazima wanabishana mezani kila siku na suluhisho ni jepesi kiasi hicho.

Nilianza kwa njia ya mkato. Nikamkamata chura kwenye mtaro wa shule, nikamleta nyumbani ndani ya chombo changu cha chakula, nikamweka kwenye beseni la kufulia pamoja na majani kidogo ya kumliwaza. Kesho yake Mama aliingiza mkono kwenye beseni bila kuangalia. Sitaeleza mengi. Jirani alikuja na panga akidhani tumevamiwa. Chura mwenyewe alitoka zake kwa mlango wa jikoni, bila haraka, na hakuonekana tena. Nikajifunza kwamba chura haletwi. Unamjengea, halafu unasubiri aamue.

Nyuma ya jiko, kati ya migomba, kulikuwa na sehemu ambayo hakuna mtu aliyeijali. Bibi alikuwa anashinda kibarazani mbele, anaangalia barabara, kwa hiyo hakuona kitu, na mimi nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nachimba nikitoka shule, kwa jembe lililokatika mpini, na udongo wote niliurundika upande wa getini. Nikatandika kipande cha turubai kilichotolewa kwenye kirikuu kwa uzee. Kilikuwa na matundu, nikayaziba kwa bigijii, ambazo zote ilibidi nizitafune mwenyewe kwanza. Taya liliniuma kuliko mikono.

Maji ya kwanza yalikuwa ya kufulia nguo, kwa sababu ndiyo yaliyopatikana bila kuomba. Kidimbwi kikatoa povu zuri jeupe, na sisimizi wote waliokuja kukitembelea wakafa. Nikamwaga. Kisha mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi nikakuta kimejaa chenyewe, maji ya rangi ya chai, na jani la mgomba linaelea juu. Nilisimama pale na sare ya shule nikijiona nimeumba bahari.

Na kweli, haikupita muda, vikaonekana viumbe. Vidogo, vyembamba, vinaning'inia vichwa chini, ukigusa maji vinazama vyote kwa pamoja vikijipinda. Watoto wa vyura. Nikaanza kuwalea. Nilikuwa nawaletea makombo ya ugali kila jioni, nawaongelesha, na wale wakubwa niliwapa majina ya watoto wa darasani kwetu. Ndani ya nyumba, kwa wakati huohuo, Mama alikuwa anajipiga makofi miguuni akisema hajui mwaka huu mbu wametokea wapi. Nikamwambia labda kwa jirani.

Basi Mama akaja kuliona lile rundo la udongo. Hakuinama kutazama nyuma yake, alidhani ni shimo langu la kuchezea, na nilikuwa nimelifunika kwa majani ya migomba. Akasimama na mikono kiunoni.

"Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu," akasema. "Wewe na uchafu wako mnanisikia? Nikute hapa pamependeza, au nikute pamefukiwa. Chagua."

Nilichagua papendeze. Nikafikiria mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kupaona, na jibu lilikuja bila kutafutwa: kule kihambani, pale alipolala Babu. Kila tukienda palikuwa pamefagiliwa, pana kivuli, mawe yamepangwa, na masale yamepandwa kuzunguka, yale majani marefu ya kijani ambayo kwetu huwa yako mpakani na makaburini. Kwa mtoto aliyezoea vumbi la Moshono, ile ilikuwa bustani. Kwa hiyo nikalisawazisha rundo langu kwa mgongo wa jembe, likawa refu na laini. Nikalizungushia mawe, nikayapaka chokaa iliyobaki ya ukutani. Kwenye fensi yetu kulikuwa na masale mengi tu, nikakata vichwa vyake, nikavichomeka kila upande. Mwishoni nikakumbuka kereng'ende, ambao walikuwa wanazunguka juu ya maji bila pa kutua. Nikachukua vijiti viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, nikavifunga kwa kamba ya mgomba, kifupi kikiwa kimelala juu ya kirefu ili nafasi ya kutua iongezeke. Nikavisimika upande wa kichwani.

Ukisimama getini huoni maji hata tone. Unaona nilichokijenga, na mimi nilikiona kimependeza mno.

Jumamosi asubuhi Baba alimpeleka Bibi hospitali kutolewa hogo. Mama alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Mimi nafagia nje, nimevaa gauni la kanisani, nasubiri kusifiwa. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Anaeli, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke ambaye hata akikuuliza bei ya nyanya inakuwa kama anaomba dua.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Bibi anaendeleaje?"

"Hayupo."

"Hayupo, kaenda…" Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika nyuma yangu. Aliangalia masale, akaangalia mawe, akaangalia vijiti. Biblia yake ilianza kuteremka kidogo kidogo kutoka kwapani. "Mwanangu. Hii ni nini?"

"Nimepamba mimi."

"Ni ya nani?"

"Ya Bibi."

Akashika ukuta. "Na nani… nani amechimba?"

"Mimi mwenyewe. Baba alikuwa kazini."

Mama Anaeli akakaa chini, kwenye vumbi, na vitenge vyake vya doti nzima, akatoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu mnene anaweza kuitoa. Wenzake waliokuwa ndio wanaingia getini hawakuuliza swali. Waliona mawe, waliona masale, wakatupa mikoba. Mmoja akaanzisha wimbo wa Kimeru wa mazishi, wengine wakapokea. Walikuwa na sauti nzuri, jumuiya yetu iko vizuri sana kwa upande wa nyimbo.

Mama akatoka jikoni na chupa ya chai. "Jamani, kuna nini?"

"Dada yangu, hata kutuambia?" Mama Anaeli alimlilia kutoka pale chini. "Unamzika mama mkwe wako kama mtu anafukia taka? Bila kengele, bila mchungaji, anachimbiwa na mtoto?"

Mama alisikia neno moja tu, mama mkwe. Akaunganisha na hospitali, akaamua kwamba taarifa imewafikia wao kabla yake. Chupa ikaanguka, naye akaungana na kwaya. Na mimi, nilipoona Mama analia, nikalia pia. Nani alikuwa amekufa sikujua, ila niliona ni utovu wa adabu kubaki na macho makavu.

Hapo ndipo kirikuu kikaingia.

Bibi alishuka taratibu, mkono wake uliotoka kwenye hogo umekonda, umepauka. Akaangalia ule umati. "Poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Wimbo ukakatika katikati. Mama Anaeli, ambaye wakati huo alikuwa amelala kabisa, akainua kichwa, akamwona Bibi, akakirudisha chini.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ile tu ninayoisimulia bwenini kwa ajili ya kuchekesha watu. Na kweli walianza kucheka, mmoja mmoja, kwanza kwa aibu kisha kwa nguvu. Mama alicheka huku machozi bado yanatiririka. Baba alikuwa ameegemea mlango wa gari, anahema kwa kicheko. Lakini Bibi hakucheka. Alitembea mpaka penye lile rundo, akasimama, akaligusa sale moja kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo ni hapa," akasema.

"Hapa nini, Mama?" Baba bado alikuwa anacheka.

"Mlipopanga kuniweka." Hakupandisha sauti. "Nilijua. Tangu siku uliyosema kule juu pamebaki shamba, nilijua. Baba yako ameniachia nafasi pembeni yake. Nimeipalilia mwenyewe miaka yote hii. Halafu mnanileta huku nije nizikwe karibu na bomba la kufulia, kama mtu asiye na kwao."

Hakuna aliyecheka tena. Niliwahi kumwona Baba anadaiwa kodi ya gari na askari wamemzunguka, hakuwa na sura kama ile.

"Mkono umepona," Bibi akamalizia. "Nirudishe leo."

Akaingia ndani. Nikamkimbilia. Nilimkuta anakunja nguo zake juu ya kitanda, anaziingiza kwenye begi kwa mkono mmoja, ule uliokonda unamsaidia kidogo tu. Nikashika kitenge chake nikakivuta.

"Bibi, siyo kaburi. Ni nyumba ya vyura."

Akaendelea kukunja.

"Ulisema hulali kwa sababu hakuna vyura."

Mikono ikasimama. "Nilisema hivyo?"

"Asubuhi. Unapuliza chai."

Alikaa kitandani. Alinitazama muda mrefu, kwa namna ambayo siku hizo sikuielewa na siku hizi ninaielewa nusu. Sasa najua kwamba aliniambia vyura kwa sababu lile jingine huwezi kumwambia mtoto asubuhi na chai. Lakini wakati ule niliona tu kwamba amenisahau, na sababu yake ameisahau, na kazi yangu yote ya bigijii imekwenda bure.

"Nionyeshe," akasema.

Tukatoka. Wanawake wakatupisha, kisha wakatufuata nyuma kwa ukimya, kwa mazoea ya makaburini. Nikaondoa majani ya migomba. Bibi akainama, akatazama majini.

"Na hawa?"

"Watoto wa vyura. Nawapa ugali. Yule mkubwa anaitwa Godi, kwa sababu hatulii."

Bibi akatazama zaidi. Akachota kidogo kwa kiganja, akakileta karibu na macho.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "hawa ni mbu."

"Mbu?" Mama aliuliza kutoka nyuma, na mkono wake ulikuwa tayari unajikuna shingo.

Ndipo Bibi alipocheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, ikabidi aushike ule mkono mbovu usimuume. Alicheka mpaka akaketi juu ya kaburi lake mwenyewe. Jumuiya ikacheka naye. Mimi sikucheka, nilikuwa naomboleza familia yangu.

Alipofuta macho, akamgeukia Baba, na sauti ikawa nyingine.

"Mtoto wa darasa la pili kasikia silali, akachukua jembe. Wewe mtu mzima ulisikia nini?"

Baba akavua kofia. "Sikujua, Mama."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Alikuwa anaizungusha kofia vidoleni. "Sitakuzika hapa. Wazo hilo sijawahi kuwa nalo hata siku moja."

"Usiniambie mimi. Waambie hawa, wasikie."

Basi Baba akawageukia wanawake wa jumuiya, na kofia kifuani, akasema kwa sauti kwamba siku ya siku mama yake atalala kule juu, pembeni ya baba yake, na kwamba kihamba hakitauzwa wala kupangishwa. Mama Anaeli, vumbi tele mgongoni, akasema amina. Wote wakaitikia amina. Na kwa kuwa tayari walikuwa wameshaimba na kulia, ile ahadi ilipata ibada kamili kuliko ndoa nyingi.

Bibi akainuka. "Nitakaa mpaka vyura waje," akasema. "Nataka nijue kama huyu ana akili au hana. Wakija, tutaona."

Hapo mimi nikaingia kwenye shida mpya. Vyura wasipokuja, mimi sina akili. Wakija, "tutaona". Ile "tutaona" ya Bibi ilinisumbua wiki nzima. Kila usiku nilikuwa napiga magoti na sijui niombe vyura waje au Mungu awacheleweshe njiani.

Ila Bibi hakungoja maombi. Jumatatu alihamisha kigoda chake kutoka kibarazani kwenda nyuma ya jiko, na hakukirudisha tena. Akaanza kutawala. Tukamwaga maji yote, na kina Godi wakaenda nayo. Akaniamuru nibomoe kingo upande mmoja ziwe mteremko, kwa sababu mnyama anayeingia lazima aone pa kutokea. Akataka mawe ya kupanda na kushukia. Akaagiza aletewe magimbi kutoka kule kwake, nikayapanda pembezoni, yakakaza kama yalizaliwa pale. Udongo wa kaburi tukausambaza chini ya migomba. Vijiti nilitaka kuving'oa kwa aibu, akanikataza: kereng'ende mmoja mwekundu alikuwa ametua juu yake, na Bibi akasema mwenye kiti amekaa, mwache. Kuhusu mbu, alikwenda jikoni akachukua chujio la chai, na kila asubuhi akawa analipitisha majini, anawapa kuku wake kilichonaswa. Mama alipata habari za chujio akiwa ameshakunywa chai ya siku kadhaa. Alinunua jingine na hakusema neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nadhani Mama aliona nilichokuwa sioni. Kibarazani, Bibi alikuwa mgeni anayeletewa chai. Nyuma ya jiko alikuwa na shamba, japo lilikuwa na ukubwa wa kitanda, na alikuwa na kibarua wa kumfokea, yaani mimi.

Wakaja nyuki kunywa. Wakaja chiriku kuoga, wanapiga maji kwa mabawa mpaka yanaruka ukutani. Kisha mvua kubwa zikaanza, na usiku mmoja, bila taarifa, chura mmoja akasema kitu kutoka kwenye magimbi. Mwingine akamjibu. Kufikia wiki ya pili walikuwa kwaya yenye sauti zote, na mtaa mzima wa kwetu ukajua. Jirani wa panga aliuliza kama zile kelele zina swichi. Baba alikuwa anakwenda kazini macho mekundu. Mama alilala na mto juu ya kichwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu katikati ya ghasia zile, kando yangu: Bibi anakoroma.

Kwa hiyo vyura walikuwa wamekuja, na akili nilikuwa nayo. Likabaki lile "tutaona".

Mvua zilipoanza kupungua, Bibi akasema anataka kwenda kumwona Babu. Asubuhi ile akatoa begi lake, lile lile, limejaa, akampa Baba aliweke kwenye kirikuu. Baba alilipokea bila kuuliza. Mama alitoka kuniaga kana kwamba mimi ndiye ninayeondoka. Nilikaa nyuma na lile begi njia nzima, tunapanda kuelekea kihambani, migomba inazidi kuwa mirefu, na tulipiga kona zote zile nikilikodolea macho kama ni mtu aliyeniibia.

Bibi aliingia kihambani akagusa kila mgomba. Akapalilia pale kwa Babu, ingawa kijana wa jirani alikuwa ameshapalilia. Kisha akasimama kwenye ile nafasi iliyoachwa pembeni, akaiangalia kichwa kimeinama upande.

"Lala hapo nione," akamwambia Baba.

"Mimi?"

"Tunalingana urefu. Lala."

Baba, na suruali yake ya kutokea, akalala chali kwenye majani, mikono kifuani. Bibi akazunguka huku, akazunguka kule. Akasogeza jiwe moja kwa mguu.

"Panatosha," akasema. "Inuka, usipazoee."

Tulikaa kidogo. Baba alikuwa anachuma nyasi moja moja, na mwisho akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, nikuteremshie begi?"

Bibi alikuwa anaangalia chini, kule mji ulipo. Wingu lilikuwa linatoka mlimani, zito, linashuka taratibu kuelekea upande wa Moshono.

"Nimeacha nguo kwenye kamba," akasema. "Na mama yake huyu mtoto haanui mpaka zilowe. Washa gari."

Baba, majani bado yamemganda mgongoni, akaanza kutafuta ufunguo kwenye mifuko yote, hata ile ambayo alijua haumo. Mimi nilikuwa nimeshapanda nyuma, nimelikalia lile begi kwa uzito wangu wote, asije mtu akalikumbuka.